Adui akigeuka mpenzi: kosa ni la mtindo au la mwandishi?

Msomaji Mkaidi: Naweka hoja mezani. Wahariri wa fantasia ya vijana waache kupitisha riwaya ambazo anayemtesa msichana ndiye mpenzi wake wa baadaye. Sura ya 3 kijana anamkaba koo, sura ya 20 wanabusiana, katikati hakuna kilicholipwa. Msomaji wa miaka 13 anajifunza nini hapo?

Kalamu ya Usiku: Mkuu, umejijibu mwenyewe: hakuna kilicholipwa. Uadui una madaraja. Wapo wanaogombea kiti kimoja, wapo walio pande mbili za vita, na yupo mtesi na mteswa wake. Wagombea wanatosheka na matukio mawili matatu ya kuheshimiana. Kwenye vita, kijana lazima apoteze kitu cha upande wake, iwe cheo, ndugu au ulinzi wa baba, tena kabla hajajua kama atapendwa. Akishajua, si kafara tena, ni posa. Mtesi na mteswa? Hapo niko nawe, yasiandikwe kama mapenzi.

Binti Wino: Wengi wanayakwepa malipo kwa kidonda. Mnaijua ile: kijana kachomwa mshale, shati limevuliwa, msichana anafunga bendeji, mioyo inadunda. Au mvua, nyumba ya wageni, kitanda kimoja. Hayo yanasogeza miili tu. Mvueni kijana uzuri wa sura kisha someni upya maneno yake. Mkitamani msichana akimbie, jueni mapenzi yalikuwa yamebebwa na mabega.

Msomaji Mkaidi: Haya, tuchukue vita. Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi (2018): mama wa msichana Zélie aliuawa kwenye msako wa wenye uchawi ulioamriwa na mfalme, baba wa kijana Inan, na Inan mwenyewe anamwinda Zélie. Deni hilo linalipika?

Kalamu ya Usiku: Linaanza kulipika, kwa sababu uchawi anaouwinda Inan unajitokeza mwilini mwake. Chuki inakuwa hofu ya nafsi yake kabla mapenzi hayajaingia. Halafu ana sura zake mwenyewe za kusimulia, tunamwona akiyumba. Ukisimulia kwa jicho la msichana peke yake, adui anabadilika nje ya ukurasa, kisha anakuja kujieleza kwa hotuba.

Binti Wino: Kuyumba si kulipa. Kumwelewa anayekuwinda hakukulazimishi kumbusu.

Mzee wa Ramani: Mnapigana na adui huku mpenzi mwenye umri mkubwa kuliko msichana anapita mlangoni. Edward wa riwaya ya Twilight (2005), vampaya mwenye sura ya kijana, kazaliwa 1901, Bella ana miaka 17. Adui mwenye upanga angalau msichana anaweza kumshinda. Huyu ana nguvu, mali na karne nzima ya ujuzi, na anaitwa mpole! Mimi ningeanza kubana hapo.

Msomaji Mkaidi: Hoja yako ina uzito, Mzee, ila inataka mjadala wake. Kwa adui nalegeza kidogo: daraja la vita lipite, kwa sharti moja. Mhariri amtafute rafiki wa msichana, yule aliyefiwa kwa mkono wa jeshi la kijana, aone anasema nini siku wapenzi wanaposhikana mikono hadharani. Kwenye miswada mingi anacheka na kusema, "Nilijua tu!"