Mtoto akizaliwa na arosto: abaki na mama au achukuliwe?

Mleta mada: Wakuu, tujadili hili bila matusi. Arosto ni mwili kudai dawa uliyoizoea inapokatika; kichanga anaweza kuipata mama akitumia dawa hizo akiwa mjamzito. Kaskazini-magharibi mwa Ontario, Kanada, kuna mji mdogo, Sioux Lookout. Hospitali yake inahudumia vijiji vya wenyeji asilia, vingi havina hata barabara. Mjamzito hupandishwa ndege wiki kadhaa kabla, akasubiri uchungu ugenini. Madaktari wa pale walihesabu: mwanzoni mwa 2009, mimba kama 8 katika kila 100 zilikuwa zimeguswa na dawa za jamii ya afyuni. Katikati ya 2010 zikafika 17. Na wala haukuwa unga wa vichochoroni, ilikuwa OxyContin, kidonge cha maumivu kilichotoka kiwandani kihalali.

Arosto ikimshika kichanga, analia kwa sauti nyembamba isiyokatika, anatetemeka, anapiga chafya mfululizo, visigino vinachubuka kwa kusugua shuka.

Miaka mingi ustawi wa jamii uliitonya hospitali kuwa mama fulani ni hatari, mwenyewe hana habari, na akijifungua tu mtoto anaweza kuchukuliwa. Ontario iliachana na utaratibu huo Oktoba 2020. Je, ilikosea?

Wa Tanga: Ilikosea. Dada yangu kabwia unga miaka tisa, akauza hadi chandarua cha mwanawe. Chandarua! Msinihubirie haki za mama.

Mkunga: Pole kaka, hiyo ya chandarua imeniuma. Ila kule Sioux Lookout walioshikwa na arosto walikuwa kama 3 katika kila 10 ya waliozaliwa na mama watumiaji, si wote. Na dawa ya kwanza ni kifua cha mama, mwanga hafifu, kelele zipungue. Utafiti wa Marekani uliotoka 2023 ulipima mambo matatu tu: ananyonya? Analala walau saa moja? Akilia anabembelezeka ndani ya dakika 10? Siku za kukaa hadi awe tayari kuruhusiwa zikashuka kutoka kama 15 hadi 8.

Halafu mama akijua atanyang'anywa, kliniki haji. Anajificha, au anaacha dawa ghafla, na hilo ni hatari kwa mimba. Alipaswa kupewa methadoni au buprenofini, dawa za hospitali zinazozuia arosto. Tena hao wenyeji asilia ni watu ambao serikali iliwachukulia watoto kwa nguvu ikawapeleka shule za bweni, na ya mwisho ilifungwa miaka ya 1990 tu. Unamtuma tena mtu wa serikali leba?

Wa Tanga: Sawa, wodini kuna nesi. Akirudi kijijini kusiko na daktari je? Kifua si ulinzi.

Mkunga: Hapo nakubali, ndiyo maana baadhi ya vijiji vya huko vilianza kutoa buprenofini hapohapo kijijini. Na wapo mabibi, wapo mashangazi. Mtoto wa dada yako kalelewa na nani?

Wa Tanga: Na mama yangu.