CD4 na CD8 kwenye seli moja: nimekosea wapi?

Nyamizi_Maabara
Shikamooni wakubwa. Nafanya shahada ya uzamili, natafiti kinga ya watu wazima wenye kichocho huku kandokando ya Ziwa Victoria. Damu naitia kingamwili nne zenye rangi, kila moja inashika alama yake juu ya seli: CD3 (alama ya seli T) kwa rangi ya FITC, CD4 na CD8 (alama za makundi mawili ya seli T) kwa PE na PE-Cy7, na CD19 (alama ya seli B) kwa APC. Mashine yetu ya kusoma rangi za seli moja moja (flow cytometer) ni ya zamani, leza mbili tu, ya buluu na nyekundu.

Mwezi wa nne picha zilikuwa safi, CD4 kwao, CD8 kwao, maana kwa kawaida seli T ya damu huwa na moja tu. Juzi nimepitisha sampuli sita, na zote sita zina rundo la seli T zenye CD4 na CD8 kwa pamoja. Moja imefika asilimia 22! Msimamizi wangu kafurahi, anaona kama kichocho kimetupa zawadi. Mimi moyo umekataa. Watu sita, vijiji vitatu, wote waamke na jambo lilelile siku moja?

Halafu kuna kiwingu cha seli zisizo na CD3 ila zina CD4 hafifu. Hicho nacho nini?

Pipeti_Kavu
Kiwingu kisikutishe, hizo ni monosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe za damu. Nazo zina CD4, kidogo. Zitazame kwa ukubwa na uchembechembe, utaziona kwenye picha zimekaa juu ya limfosaiti (seli T na B). Tena zina vipokezi vya Fc vinavyodaka mkia wa kingamwili yoyote inayopita, kwa hiyo tanguliza kizuizi cha Fc dakika kumi kabla ya kutia rangi.

Hilo la kwanza ndilo linanitia shaka. Kompensesheni, ile hesabu ya kuondoa mwanga wa rangi moja unaovuja kwenye chaneli (kipokezi) ya rangi nyingine, umeiseti lini?

Nyamizi_Maabara
Natumia ya mwezi wa nne, niliihifadhi kwenye kompyuta. (Najua, najua.)

BiMwani_Unguja
Mwanangu, marahaba. Shika hapa. PE-Cy7 ni rangi mbili zilizofungwa pamoja. PE inapokea leza ya buluu, nguvu inaipa Cy7, na Cy7 ndiyo inayong'aa, huko kwenye nanomita 780 hivi. Fungo hilo likilegea, PE inabaki na nguvu yake na kung'aa yenyewe, kwenye 578. Na chaneli ya PE umempa nani? CD4. Basi kila seli ya CD8 itakuja kwako imevaa kanzu ya CD4, na kompensesheni ya mwezi wa nne haitaivua, maana ilipimwa fungo likiwa zima.

Fungo hulegezwa na mwanga, joto, na kukaa muda mrefu kwenye fomalini. Wala usije ukakimbilia friza: PE ni protini, hutolewa kwenye mwani mwekundu, ukoo mmoja na huu tunaoulima Paje na Jambiani. Ukiigandisha umeiua. Iweke kwenye friji, gizani.

Leo tia CD8 peke yake kwenye tyubu moja, utazame chaneli ya PE. Kichupa chenyewe kilikaa wapi?

Nyamizi_Maabara
Nimerudi, na aibu yangu. Tyubu ya CD8 peke yake inawaka kwenye PE kama karabai ya wavuvi wa dagaa. Kichupa cha jirani, cha tarehe mpya zaidi, kimetulia. Cha kwangu nimekumbuka: siku ya kuhesabu vifaa nilikiacha mezani dirishani tangu asubuhi hadi saa tisa, nikakirudisha kwenye friji kimyakimya.

Watu wawili kati ya sita nina seli zao kwenye naitrojeni, nimezirudia kwa kichupa cha jirani na kompensesheni ya leo. Zenye CD4 na CD8 pamoja hazifiki asilimia 2. Wanne waliobaki damu yao ilishamwagwa.

Sasa msimamizi keshaanza kuandika muhtasari wa matokeo yale ya kwanza, wa kutuma kwenye mkutano wa kisayansi.

Pipeti_Kavu
Mwendee leo, kabla hajautuma. Na uchukue picha ya ile tyubu ya CD8, usiende na maneno matupu.