Hoteli za bei ya chini nje ya nchi: tupeane uzoefu, hasa mliosafiri na mzazi

Binti wa Kayole

Wenzangu, naomba tupeane uzoefu wa hoteli za bei ya chini huko nje. Nasemea sisi tunaosubiri zamu ya chama ifike ndipo tukate tikiti. Naanza na yangu.

Mwaka juzi nilimpeleka mama Dubai, na ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege. Nilibuku hoteli Deira kwa sababu ni karibu na soko la dhahabu na kituo cha treni, dirhamu 130 kwa usiku. Ndege ya usiku kutoka JKIA, Nairobi, huchukua kama saa tano, kwa hiyo tulitua alfajiri. Tulipofika mapokezi ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kijana akatuambia kwa upole kwamba vyumba hutolewa saa nane mchana.

Miguu ya mama ilikuwa imevimba. Akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti, akajitanda leso na kuketi wima, mkoba mapajani, maana hakutaka kusinzia mbele za watu. Kila lifti ilipofunguka aliinua kichwa akidhani tumeitwa. Kisha anakiinamisha tena. Nimesahau mengi ya safari ile, lakini kichwa kile kikiinuka na kushuka bado nakiona.

Kilichoniuma ni kwamba pesa ya usiku mmoja zaidi nilikuwa nayo. Sikujua tu kwamba anayefika alfajiri hubuku kuanzia usiku wa kuamkia siku hiyo, ili akifika chumba kiwe chake tayari. Au anaandikia hoteli wiki moja kabla aulize kuingia mapema ni pesa ngapi. Baadaye tukadaiwa ile dirhamu ya utalii, ada iliyoanza 2014. Hutozwa kila chumba kila usiku, dirhamu 7 hadi 20 kulingana na nyota za hoteli, na kwangu haikuwa ndani ya bei niliyoiona kwenye simu. Juu yake dipoziti ya dirhamu 200 taslimu, ambayo walirudisha yote tulipoondoka.

Chumba chenyewe sikilaumu. Shuka zilikuwa safi, maji ya moto yapo, ingawa dirisha lilitazama ukuta na chini yetu kulikuwa na klabu ya usiku ambayo hakuna picha iliyoionyesha. Raha ya mama ilikuwa abra, zile mashua za mbao za kuvuka mkono wa bahari kwa dirhamu 1. Alivuka mara tatu siku moja, kwenda na kurudi.

Desemba hii nataka kumpeleka tena, mahali pengine. Nani amelala wapi, na ni swali gani hukuuliza ukajuta?

Mwalimu wa Rongai

Dada, yangu ni Addis Ababa. Sisi Wakenya hatuhitaji viza Ethiopia, na ndege ni kama saa mbili tu, ndiyo sababu nilienda huko likizo ya Agosti. Hoteli ndogo mitaa ya Piassa, ghorofa tatu bila lifti, ngazi zinang'aa kwa kupigwa deki.

Usiku nilipofika nilizungumza na dada wa mapokezi kwa Kiingereza. Nikauliza kiamshakinywa kinaisha saa ngapi, akasema "three". Nikauliza siku ya kuondoka natakiwa kutoa mizigo saa ngapi, akasema "six". Nikafurahi sana. Chai mpaka alasiri, na chumba mpaka jioni!

Asubuhi nikashuka saa nne, meza zimeshafutwa. Nikadhani wamemaliza chakula mapema siku hiyo. Siku ya mwisho nikaenda Merkato kutafuta kahawa na shuka za pamba za kufumwa kwa mkono, nikarudi saa kumi jioni nikikuta begi langu liko mapokezi, limefungwa vizuri, na bili ya nusu siku juu yake. Nikaanza kupandisha sauti. Yule dada hakubishana. Alinyoosha mkono akanionyesha saa yake ya mkononi. Simu yangu ilisema 4:10. Saa yake ilisema 10:10.

Saa kumi na dakika kumi! Jamani, wale watu wanahesabu saa kama sisi. Siku yao inaanza jua likichomoza, na saa moja yao ndiyo saa moja yetu. "Three" yake ilikuwa saa tatu asubuhi, na "six" ilikuwa saa sita mchana. Kiswahili changu kilikuwa na jibu tangu mwanzo, lakini nilipofungua mdomo kwa Kiingereza nikabadilisha na saa kichwani. Nikamweleza kwamba hata kwetu bibi zetu wanahesabu hivyo hivyo. Akacheka, akamwita dada yake wa jikoni aje asikie, nikalipa bili na nikaletewa kahawa ya bure na bisi. Kwa hiyo ukifika hoteli ya huko, kila saa unayotajiwa uliza: ni ya Kihabeshi au ya kizungu?

Kijana wa Umoja

Istanbul, mtaa wa Laleli. Bei ilikuwa nzuri kwa sababu ni mtaa wa nguo za jumla. Ambacho sikuuliza ni chumba kinatazama upande gani. Chini ya dirisha langu walikuwa wakifunga mizigo ya wafanyabiashara kwa utepe mpaka saa nane usiku, ule mlio wa kuvuta utepe, kraaa, kraaa, unanyamaza, unaanza tena. Usiku wa pili nikaomba chumba cha nyuma, wakanihamisha bila malipo. Pia chaja ya kwetu yenye miguu mitatu haiingii, kule tundu ni mbili za mviringo. Dubai inaingia bila shida.

Muuzaji wa Kamukunji

Mimi Guangzhou, kuchukua mzigo na kubakisha siku nne za kutembea na dada yangu mkubwa. Tuliona hoteli ndogo nje ya mtaa wa Xiaobei, tukalipa kupitia simu. Tulipofika, mwenye kaunta akatazama paspoti zetu akatikisa kichwa. China hoteli lazima imsajili mgeni wa nje kwa polisi ndani ya saa 24, na nyumba nyingi ndogo hazikutaka shughuli hiyo. Tukaburura masanduku kwenye mvua mpaka Xiaobei, ambako wamezoea Waafrika. Hiyo ilikuwa kabla ya 2024, mwaka ambao serikali yao iliagiza hoteli zisiwakatae wageni. Hata hivyo mimi sibuku siku hizi kabla ya kuwaandikia na kupata jibu kwamba wanapokea paspoti ya Kenya.

Jingine, na hili ni kwa anayesafiri na mzazi: tazama picha ya bafu. Letu lilikuwa na ukuta wa kioo, mtu akioga unamwona kutoka kitandani. Mimi na dada yangu tuliomba gundi, tukatundika leso mbili. Fikiria ningekuwa na mama.

Mama Pacha, Githurai

Kampala. Kitambulisho tu kinatosha, tangu 2014. Gesti karibu na stendi ni rahisi lakini kelele za makondakta zinaanza kabla ya adhana. Panda boda dakika kumi tu mbele, utapata utulivu kwa bei ileile. Na uliza kama neti ya mbu ipo, yetu ilikuwa na matundu tukaifunga mafundo.

Binti wa Kayole

Asanteni kwa moyo wote. Bafu la kioo sikuwahi hata kulifikiria. Nimemsomea mama hadithi ya Mwalimu, akasema huko ndiko anakotaka, kwa watu wanaojua saa. Mwalimu, Desemba kukoje? Mama anakula vizuri, ila ana baridi yabisi ya magoti.

Mwalimu wa Rongai

Basi omba chumba cha ghorofa ya chini, na ujibiwe kwa maandishi. Addis iko juu zaidi ya mita 2,300, Nairobi haifiki 1,800, na usiku wa Desemba baridi ni kali. Hoteli niliyolala haikuwa na hita. Waliniletea blanketi la pili nilipoomba.

Pia ujue Desemba Waorthodoksi wako kwenye mfungo wa Krismasi yao, ambayo ni Januari 7. Baadhi ya hoteli ndogo hazitapika nyama wala mayai siku hizo. Agiza beyaynetu, injera moja kubwa, ule mkate wao mwembamba, iliyowekewa dengu, mchuzi mzito wa shiro, sukuma na bitiruti. Mama ataila. Na kama kuna kanisa jirani, sala kwa vipaza sauti huanza usiku wa manane. Mimi niliipenda, lakini muulize mama kwanza.

Binti wa Kayole

Nimemuuliza. Anasema kama ni sala, basi chumba kiwe upande wa kanisa.