Naomba ushauri: tamko la msikiti, tulaani au tunyamaze?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Magaidi wakiua popote, hapa Ngamiani, Tanga, misikiti inatazamiwa itoe tamko. Rasimu tunayo: aya mbili, dakika tatu, isomwe baada ya sala ya Ijumaa kabla watu hawajafuata viatu.

Ugumu uko kwenye kitenzi. "Tunalaani" kinamhukumu muuaji. "Tunaomba radhi" kinakiri deni ambalo hatukukopa. Qurani 6:164 iko wazi: hakuna abebaye mzigo wa mwingine. Mwaka 2019 mtu mmoja aliua waumini 51 misikitini Christchurch, New Zealand. Nani alimdai jirani Mkristo wa Chumbageni aombe radhi? Hata mwanafalsafa Mjerumani Karl Jaspers, akizungumza na Wajerumani wenzake baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alitenga hatia ya jinai, ya mtenda mwenyewe, na dhima ya kisiasa ya raia wa dola. Sisi dola hatuna, tuna mkeka na spika.

Lakini tukinyamaza, kijana anayerubuniwa kwa simu anasikia upande mmoja tu. Na ukilaani tukio la kwanza ukaacha la pili, utaambiwa umeridhia.

Je, tubandike msimamo mmoja wa kudumu ubaoni, au tamko kila tukio? Na tutaje kikundi kwa jina, au kitendo tu?