Maji ya kisima yanayokula sabuni: tupeane uzoefu

Mwalimu, Moroto
Salaam ndugu zangu. Tangu nihamishiwe huku kutoka Kampala, maji yananichosha. Kule bomba linaleta maji ya Ziwa Victoria, kipande kidogo cha sabuni kinatosha beseni zima. Huku tunategemea kisima cha pampu. Kwa macho maji ni safi kabisa, na kunywa yananyweka, lakini sabuni haitoi povu, inaganda kama maziwa yaliyokatika. Birika lina ukoko mweupe na mashati ya kazini yamekuwa ya kijivu. Mnaoishi na maji magumu mnafanyaje? Naomba mliyoyafanya wenyewe, si ya kusikia.

Hajati, Bombo
Mwalimu, pole. Mimi nina kanzu za mzee wangu na za wajukuu, zote nyeupe, kwa hiyo vita hivi navijua. Kinachofanya nguo ziwe za kijivu ni yale mabonge ya sabuni iliyoganda, yanashika kwenye uzi. Ukiongeza sabuni unaongeza mabonge.

Jerikeni ya lita 20 naitilia kijiko kimoja cha chakula cha magadi, nakoroga, naiacha hadi asubuhi. Chini unakuta unga mweupe umetuama. Namimina taratibu maji ya juu, yale ya chini namwaga. Ndipo natia sabuni, na povu unaliona. Kama huna magadi, sabuni ya unga ya dukani inavumilia maji haya kuliko ya mche. Ila magadi yanakausha mikono, jipake mafuta ukimaliza. Na usiyalaze kwenye sufuria ya alumini, itakuwa nyeusi.

Kijana wa Mbale
Chemsha tu maji yote, ugumu unaisha.

Fundi umeme, Lira
Hauishi wote, ndugu yangu. Chokaa inayotokana na baikaboneti ndiyo inayojitenga maji yakichemka, na ndiyo huo ukoko wa birika. Kalsiamu na magnesiamu, madini yanayoleta ugumu, zikiwa zimeshikana na salfeti zinabaki humo humo hata uchemshe mchana kutwa. Halafu mkaa wa sigiri unalipiwa na nani?

Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vya kupashia maji, na mabirika yanayoletwa mengi yamekufa kwa ukoko. Koili ikivikwa chokaa, joto haliendi kwenye maji, linabaki ndani ya koili hadi inaungua. Kabla haijaungua, maji yanachelewa kuchemka na Yaka, umeme wa kulipia kabla, inakimbia. Kamua ndimu kadhaa au tia siki kiasi, ongeza maji hadi ukoko ufunikwe, chemsha, zima, acha saa moja. Ukoko unatoa mapovu na kulegea. Usiukwangue kwa kisu. Kichwa cha bafu kilichoziba kifungue ukilaze ndani ya siki usiku kucha.

Na tafadhalini sana: siki au ndimu isikutane na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Inatoka hewa ya klorini inayochoma mapafu.

Mama wa hoteli, Soroti
Kwangu shida si nguo, ni maharage. Maji magumu yanafanya ganda la maharage likatae kulainika, unachochea moto hadi wateja wanaondoka. Mvua ikinyesha nakinga maji ya bati kwenye tangi, na hayo ni ya maharage na chai peke yake. Chai ya rangi ya maji ya kisima inaweka utando juu, mteja anadhani kikombe kichafu! Maji ya kwanza ya mvua siyakingi, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Kiangazi kikikaza nalaza maharage majini na kutia magadi kidogo mno, ncha ya kijiko. Ukizidisha yanakuwa na ladha ya sabuni. Bibi zetu walitumia maji ya majivu, kazi ni ile ile.

Mkazi wa Kasese
Tutofautishe jamani. Maji ya chumvi ni jambo jingine. Huku upande wa Katwe, ambako chumvi inachimbwa ziwani, mtu hawezi kutoa chumvi kwenye maji kwa magadi wala kwa kuchemsha.

Muuguzi, Gulu
Na maji yanayoacha rangi nyekundu kwenye beseni ni ya chuma. Hayo uyamimine kutoka chombo hadi chombo yapate hewa, yalale, kisha uyapitishe kwenye mchanga safi. Doa lake kwenye nguo usilitie Jik, linazidi kushika. Ndimu na chumvi, kisha juani.

Kwa wanaoniuliza kama maji magumu yanaharibu figo: Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya kwa ugumu wa maji. Kalsiamu na magnesiamu mwili unazihitaji. Kinachoua watu ni vijidudu, na hapo ndipo kuchemsha kuna maana. Shabu inatuamisha tope, dawa ya klorini inaua vijidudu, lakini hakuna hata moja inayolainisha maji.

Mwalimu, Moroto
Ahsanteni sana. Nimefanya jaribio na wanafunzi: chupa mbili, moja ya maji ya mvua, nyingine ya kisima, sabuni iliyokunwa kiasi kile kile, tikisa. Ya mvua ilijaa povu hadi shingoni, ya kisima ikawa ukungu tu. Kwa hiyo maji ya kunywa na kuosha sakafu nayaacha yalivyo, ya kufulia natia magadi. Hajati, hayo magadi naulizia wapi sokoni?

Hajati, Bombo
Kwa wanaouza maharage makavu na karanga, mwanangu. Chagua mabonge, uyatwange mwenyewe. Yale ya unga mara nyingi yana mchanga.