Dalali New York anadai dola 150 za fomu ya kuomba nyumba, ni halali?

Mgeni_Bronx: Wakuu, heshima kwenu. Nimepata chumba Bronx, dalali anataka dola 150 za fomu. Sheria inasemaje? Mwisho leo jioni.

Bwana_Ndoo: Huku London hayo yalikufa Juni 2019. Hakuna cha fomu wala cha kukuchunguza, ni pesa ya kushikia nyumba tu, isiyozidi kodi ya wiki moja. Mimi nilihamia kabla ya hapo. Nililipia fomu, nikalipia mkataba, hela ikaisha, miezi miwili nalala kwenye kochi la rafiki na paka wake wawili.

Mgeni_Bronx: Mkuu, niko New York.

Mama_Karanga: New York, fomu yenyewe hailipiwi. Kinachoruhusiwa ni gharama ya kuchunguza historia yako na rekodi ya mikopo, na tangu 2019 haivuki dola 20. Ikigharimu pungufu, unalipa hiyo pungufu. Lazima akupe nakala ya ripoti na risiti ya waliochunguza. Ukija na ripoti yako isiyozidi siku 30, hakudai kitu. Umeshalipa?

Mgeni_Bronx: Sio kulipa kivile. Nimetuma nusu.

Mama_Karanga: Nyumba umeiona?

Mgeni_Bronx: Picha. Lakini jamaa ni mwenzetu, ana Kiswahili safi cha Tanga. Na kodi ni chee, nikizubaa wanachukua wengine.

Kobe_Mzee: Kiswahili safi cha Tanga ndicho kilichomuuzia mjomba wangu kiwanja. Maji yakijaa, samaki wanapita sebuleni.

Mchana_Kweupe: Vijana hamsikii, mnapenda vya mteremko.

Jicho_la_Tatu: Subirini kwanza. Mwezi jana huyu huyu alikuwa Dubai anauliza bei ya magari. Hii chai, tena haina hata tangawizi.

Mgeni_Bronx: Akaunti tunatumia wawili na dada yangu. Sina sababu ya kudanganya.

Jicho_la_Tatu: Dada anauliza gia za Land Cruiser?

Mama_Karanga: Chai au si chai, mwombe risiti ya hizo 75 na jina la waliokuchunguza.

Mgeni_Bronx: Nimemwomba. Kanijibu sina shukrani, eti baada ya yote aliyonifanyia tangu nishuke uwanja wa ndege.

Kobe_Mzee: Dalali gani anapokea watu uwanja wa ndege?

Mgeni_Bronx: Ni shemeji. Aliyemuoa dada.

Mama_Karanga: Dada anajua?