Wachimba Bitcoin wakitaka stima ya Olkaria, tuwape?

Watu wa Nakuru, hii inatuhusu. 2022 KenGen, kampuni ya kuzalisha stima, walisema wako tayari kuwauzia wachimba Bitcoin (watu wanaowasha kompyuta kuthibitisha miamala ya hiyo pesa ya mtandaoni, wanalipwa coin mpya) stima ya mvuke wa ardhini huko Olkaria, na kuna watu bado wanaitaja kama dili ya karne. Mimi nauliza tu, huyo mteja atakuwepo miaka kumi ijayo? Malipo ya mchimbaji yanakatwa nusu kila bloku 210,000 (bloku ni fungu la miamala), kama miaka minne hivi, 2009 bloku moja ililipa bitcoin 50, 2012 ikawa 25, ikaendelea kukatwa hivyo hivyo na tangu Aprili 2024 ni 3.125, na 2028 panga linarudi.

*Kijana wa Kondele:* Boss bei umeiacha wapi? Hizo 50 za 2009 hazingekununulia hata soda, 3.125 za leo zinanunua ploti Milimani. Halafu kuna ada za wanaotuma coin, hizo haziishi hata coin zote milioni 21 zikitoka, na ya mwisho ni kama 2140 huko, hatutakuwa. Uchina walipofukuza wachimbaji 2021 si ugumu wa kuchimba, ambao mtandao huupunguza wenyewe mashine zikipungua, ulijishukia karibu asilimia 28 na walioachwa wakaendelea kula?

Sawa, Bitcoin haikufa. Lakini hao waliofukuzwa walifanya nini? Walipakia mashine kwa kontena wakaenda Kazakhstan na Texas, sasa kisima cha mvuke utakipakia wapi? Na hizo ada msizihesabu sana, siku ya kukatwa Aprili 2024 watu waligombania Runes (tokeni mpya juu ya Bitcoin) mpaka ada zikapita zawadi yenyewe, baada ya siku chache zikarudi chini.

*Msomi Kakamega:* Ndio maana Monero, pesa nyingine ya mtandaoni, waliacha coin 0.6 kwa kila bloku milele, tangu Juni 2022. Bitcoin wakikosa ada za maana, wachimbaji watazima, na kuushambulia mtandao kutakuwa rahisi zaidi.

*Mama Shiru, Naivasha:* Nyinyi mnabishania 2140 na hapa usiku watu wakilala stima haina mnunuzi, mvuke unaachiliwa hewani tu. Si wapewe huo?

Mama hapo umenishika kiasi. Wapewe wa usiku basi, walipe mwezi mmoja mbele, laini na transfoma wajenge kwa pesa yao. Kitu sitaki ni tuchimbe kisima kipya kwa mkopo wa miaka 20 juu ya mtu ambaye malipo yake yanakatwa nusu tena 2028. Kijana wa Kondele, wewe ungemkopesha?

*Kijana wa Kondele:* Mimi ningetaka deposit kwanza.